Majaribio ya dawa za kansa ya utumbo: mwezi mmoja ni kitu?

Mjomba wangu wa Busia alitibiwa vidonda vya tumbo karibu mwaka mzima kwenye kliniki ya mtaani, kumbe ni kansa ya utumbo mpana na ilishafika kwenye ini. Alipoanzishiwa kemo, binamu yangu akamuuliza daktari, mbona mzee haingizwi kwenye majaribio ya dawa mpya kama wagonjwa wa Ulaya? Hilo swali limenikaa sana, nimesoma tangu siku ile na naona wanaotaka majaribio haya huku kwetu na wanaoyapinga wote wana hoja.

Wanaopinga wanaanza na namba, na namba zenyewe zinauma. Chukua regorafenibu, jaribio lake lililotoka 2013 lilikuwa na watu 760 ambao dawa za kawaida zote zilishagoma, waliopewa dawa waliishi miezi 6.4 na waliopewa kidonge kitupu miezi 5.0 (hiyo ni namba ya katikati, nusu walipita hapo na nusu hawakufika). Mwezi mmoja na kitu, na katika huo huo mwezi wengine viganja na nyayo vilichubuka mpaka kutembea ni shida. Kweli mtu auze ng'ombe kwa hiyo?

Naielewa hiyo hoja lakini hainitoshi. Fluorourasili, dawa ya kemo ya kansa hii, ipo tangu miaka ya 1950 na kwa muda mrefu ilikuwa karibu peke yake, alafu zikaja irinotekani na oksaliplatini, 2004 ikaja bevasizumabu ambayo kwenye jaribio la watu 813 ikiongezwa kwenye kemo ilisogeza muda wa kuishi kutoka miezi 15.6 hadi 20.3. Hakuna iliyoruka mbali, ni kidogo juu ya kidogo. Na kuna wagonjwa wachache, kama 5 kwa kila 100 wenye kansa iliyosambaa, ambao seli za uvimbe wao zimeshindwa kurekebisha makosa ya DNA, hao pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na kansa, iliwazuilia ugonjwa miezi 16.5 wakati kemo ilizuia 8.2. Bila watu kukubali kujaribiwa hilo lisingejulikana.

Na Uganda si wageni wa haya mambo jamani. Uganda Cancer Institute, taasisi ya kansa pale hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza 1967 na limfoma ya Burkitt (kansa inayopata sana watoto, iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt), utafiti wa pale ulisaidia kuonyesha kwamba kemo peke yake inaweza kuponya watoto. Burkitt huyo huyo 1971 aliandika kwamba kansa ya utumbo ni adimu kwa Waafrika sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi, lakini saa hii Kampala inazidi kuongezeka. Lile jaribio la watu 760 lilikuwa la nchi 16 na hakuna hata moja ya Afrika, yaani dawa tunaletewa bila miili yetu kuulizwa.

Kwa hiyo mimi nataka majaribio yaje, ila si kwa bei yoyote. Kinachonitisha ni mgonjwa kukubali sababu hiyo ndo njia pekee ya kupata dawa, hapo hajachagua. Wanaolinganishwa na waliopewa dawa mpya wapewe matibabu bora yaliyopo, fomu isomwe kwa lugha ambayo mzee anaielewa, na dawa ikimsaidia aendelee kuipata jaribio likiisha, kwa maandishi, sio ahadi ya mdomo.

Mjomba aliishi miezi kumi na moja. Mwezi wa mwisho ndo aligawa shamba na kuwapatanisha wanawe wawili waliokuwa hawasalimiani.