Kikoi Kimebaki Dubrovnik

Najua mtani wangu Mnyamwezi ameshawarushia ule ujumbe wa sauti kuhusu aibu yangu ya Dubrovnik, dakika nzima anacheka tu. Sasa nisikilizeni na mimi Mzaramo, maana katia chumvi kupita kiasi. Chupi haikuwa na katuni kama anavyodai. Ilikuwa nyekundu, basi.

Meli tunayofanyia kazi ilitia nanga Dubrovnik, Kroatia, tukaachiwa hadi jioni. Mtani akang'ang'ania tuzunguke ukuta wa mji wa kale. Ukuta wenyewe una urefu wa mita 1,940, kuna mahali kimo chake kinafika mita 25, na watu wote wanaenda uelekeo mmoja. Hakuna kurudi nyuma. Hilo lishikeni, litawafaa mbele.

Tulipandia lango la Ploče, tukakwea mpaka Minčeta, mnara ulio juu kuliko yote. Ulianza 1319, kadogo tu, ka pembe nne. Mwaka 1453 Waturuki wakaitwaa Konstantinopoli, wakubwa wa Dubrovnik matumbo yakawacheza, na 1461 wakampa kazi mjenzi Michelozzo wa Firenze, Italia, auvishe koti nene la mawe. Mjenzi mwingine, Juraj Dalmatinac, akaumalizia 1464. Huku wanajenga, huku wanamlipa Sultani wa Waturuki haohao kodi ya kila mwaka. Mkono huu jiwe, mkono huu bahasha. Hao ni watu wa mjini, bwana.

Juu kule nikanyanyua mguu ukingoni nipigwe picha ya kibabe. Khraaa! Suruali ikaachana kuanzia mkandani kwenda chini. (Unayecheka saa hizi, subiri, bado hatujafika.) Begini nilikuwa na kikoi cha kuogelea, nikajifunga. Pale lango la Pile kuna ngazi za kushukia, nikataka nishuke zangu.

"Tiketi yote hii, Mzaramo, uitupe kwa sababu ya tako?"

Tukaendelea. Tukaipita ngome ya Bokar, tukatokea upande wa bahari. Nyuma yetu kundi la wazee wa kitalii likasimama, mwongozaji wao kainua mwavuli uliofungwa, anawaeleza kwamba upande wa nchi kavu ukuta una unene hadi mita 6, lakini huku ni mita 3 au pungufu, kwani bahari yenyewe ni ulinzi.

Ndipo ukaja upepo.

Nilianza kusikia ubaridi magotini. Mkono mmoja simu, mwingine chupa ya maji. Fundo likalegea taratibu, kikoi kikajaa upepo, kikanyanyuka, kikaniaga. Kikaelea juu ya mapaa ya vigae vyekundu bila haraka yoyote, kikatua kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa anaanika mashuka. Mama akakitazama kikoi. Akatazama juu. Akaniona. Sijui kwa nini, nikampungia mkono.

Kugeuka, mwavuli bado uko hewani, na sasa unanielekea mimi. Kimya. Halafu sauti ya kike, ya upole kabisa, ikaniita kwa jina langu.

Jamani, ni yule bibi wa meza ya dirishani, ninayempelekea supu kila usiku! Lile kundi lote ni abiria wetu!

Wakapiga makofi. Na kwa kuwa njia ni ya upande mmoja, wao walikuwa nyuma yangu na nyuma yangu ndiyo ilikuwa wazi. Nikaubandika mgongo kwenye mawe, nikatembea kiubavu kama kaa hadi ngome ya Mtakatifu Yohana ndipo nikapata ngazi. Mtani alikuwa na jaketi kiunoni. Badala ya kunipa, anarekodi.

Chini nikanunua kaptura ya mirabaraba ya bendera yao, bei msiulize. Usiku nikapeleka supu. Bibi akauliza kama nimeshikwa na mafua, meza ikalipuka, na bahashishi ikawa nono ajabu. Mtani anadai nusu, eti yeye ndiye aliyekataa tushuke Pile.