Hao watu wote wanakula nini?

Tulikuwa tumefika kama nusu ya filamu, mimi na shangazi, kompyuta tumeiweka juu ya stuli, aliponigusa bega. "Hebu isimamishe. Hao watu wote huko chini wanakula nini?"

Filamu yenyewe ni The Zookeeper's Wife, iliyotoka mwaka 2017 na kuongozwa na Niki Caro. Ni habari ya kweli ya Antonina Żabińska na mumewe Jan, walioendesha bustani ya wanyama ya Warsaw, Poland. Septemba 1939 ndege za Wajerumani ziliipiga mabomu. Wanyama wengine walikufa, wengine wakatorokea mitaani, na wale wa thamani wakabebwa kupelekwa Ujerumani. Vizimba vikabaki vitupu. Humo vizimbani, na katika vyumba vya chini ya nyumba yao, wakapita watu karibu 300 katika miaka ya vita, wengi wao Wayahudi waliotoroshwa kutoka geto, mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi. Na Poland wakati huo, ukikutwa umemficha Myahudi, adhabu ilikuwa kifo.

Mimi nilikuwa namtazama Jessica Chastain, anayeigiza Antonina. Shangazi alikuwa anatazama sufuria. Ni mwanamke ambaye nyumba yake haijawahi kukosa mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma au jamaa aliyekuja kutibiwa, na anajua wahenga walikusudia nini waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mgeni huyu humpi jembe. Hawezi kuonekana uani, hawezi hata kukohoa mchana, lakini kula lazima ale, na jirani asishangae mbona nyumba ya watu watatu inanunua mikate kama ina arusi.

Jibu la swali lake ndilo lililonifanya niipende hadithi hii kuliko nilivyoipenda filamu. Jan aliwaomba Wajerumani ruhusa ya kufuga nguruwe pale bustanini ili askari wao wapate nyama. Nguruwe wanataka makombo, na makombo akaruhusiwa kuyazoa getoni. Fikiria: watu wanaanguka barabarani kwa njaa, na lori linaingia kuzoa maganda. Lakini lori hilo hilo, likitoka, chini ya maganda kuna mtu amelala. Sehemu nyingine ya bustani ikalimwa mboga. Yaani jiko, shamba na zizi vilikuwa ndiyo silaha yao.

Filamu inayaonyesha hayo, ila inayapitia mbio, kwa sababu ina haraka ya kurudi kwa Lutz Heck. Heck alikuwepo kweli: mkuu wa bustani ya wanyama ya Berlin, Mnazi, aliyekuwa na ndoto ya kumfufua ng'ombe pori aliyetoweka karne nyingi zilizopita. Kwenye filamu anammezea mate Antonina, Jan anaona wivu, na sisi watazamaji tunaambiwa tushike roho kwa ajili ya hilo. Sikushika. Mwanamke ana watu ghorofa ya chini ambao mlango ukigongwa vibaya wamekwisha, halafu nihangaikie mume aliyenuna?

Na lafudhi zile! Mmarekani na Mbelgiji wanazungumza Kiingereza cha kujifanya Wapolandi. Utazoea, lakini si mapema.

Ila kuna pahali filamu inatulia, na hapo nawavulia kofia. Jan anamleta binti mdogo, Urszula, ambaye askari wamemharibu getoni. Hasemi. Anajikunyata chini ya nyumba kama mnyama aliyejeruhiwa, na Antonina, aliyezoea wanyama waliojeruhiwa, hamuulizi kitu. Anakaa sakafuni kando yake, mbali kidogo, na sungura mdogo mikononi. Anamwachia sungura. Basi.

Usiku, hatari ikiisha, anapiga piano, na wale wa chini wanajua wanaweza kupanda juu wakae kama watu. Wanatoka mmoja mmoja, wanapepesa macho kwa mwanga wa taa.

Wako pia watoto yatima wa Janusz Korczak, daktari aliyewalea getoni, karibu 200, waliopelekwa Treblinka, kambi ya mauaji, pamoja naye Agosti 1942. Hapo shangazi hakuuliza kitu.

Mwaka 1965 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, iliwatambua mume na mke wote wawili kwa kuwaokoa Wayahudi. Niliposoma zaidi nikamwambia shangazi kwamba mwaka 1944, katikati ya hayo yote, Antonina alijifungua mtoto wa kike, Teresa.

"Na mimba juu yake," akasema. Akanyamaza kidogo. "Irudishe nyuma. Pale alipokuwa na sungura."