Kabla ya kubomoa Dodoma ya zamani, tusome nyufa zake

Jengo la zamani likitakiwa kupisha ghorofa katikati ya Dodoma, ushahidi wa kwanza kutolewa ni nyufa. Zinapigwa picha, mtu anaandika "chakavu, hatarishi", na mjadala unaishia hapo. Mimi ni mhandisi wa miundo, nyufa ndizo zinazonilisha, kwa hiyo sina sababu ya kuzidharau. Ila picha ya ufa haikuambii kama jengo litaanguka.

Mji wetu si mkongwe kwa viwango vya pwani. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na majengo ya zamani tunayoyazungumzia mengi ni ya Mjerumani na ya Mwingereza aliyemfuata: upande wa stesheni, hoteli ya reli iliyo jirani yake, maduka ya Uhindini. Umri huo una uzito kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe rasmi. Kwa hiyo hapa mjini hakuna ukuta wa Mjerumani unaolindwa kwa umri wake tu. Jengo ambalo halijatangazwa, anayetaka kulivunja hakutani na sheria hiyo njiani.

Wanaotaka kubomoa wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote wao wenyewe huitaja mara chache: tetemeko. Dodoma imekaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na watu wa Chenene na Bahi hawahitaji kuelezwa ardhi ikitikisika inakuwaje. Ukuta wa tofali au mawe usio na nondo unabeba vizuri mzigo unaoshuka chini, lakini ukisukumwa ubavuni hauna pa kushika. Unaachana na mwenzake kwenye kona, unaangukia nje, na paa linafuata. Kagera tuliliona hilo tarehe 10 Septemba 2016: tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu wasiopungua 17 wakafa, na nyumba nyingi za tofali zikalala chini. Anayesema jengo la miaka mia "limeshavumilia mengi" ajue kwamba kuvumilia matetemeko madogo hakulipatii jengo cheti cha kuhimili kubwa.

Hoja ya pili ni ya kiwanja. Tangu uamuzi wa 2016 wa kuhamishia serikali Dodoma, duka lisilo na ghorofa lenye vyumba vitatu linakaa juu ya ardhi inayoweza kubeba ghorofa nane, na kodi ya duka hilo hailipi hata ukarabati wa paa lake. Sioni aibu yoyote katika hesabu hiyo. Ninachokataa ni kuivalisha koti la uhandisi.

Maana nyufa zenyewe, ukizifuatilia, mara nyingi zinasimulia habari za maji. Sehemu za Dodoma zina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Mvua yetu ni karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo udongo unavimba kwa kishindo kisha unakaushwa miezi saba. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya tofali, mwembamba chini na mpana juu, unaniambia kona ya msingi inashuka. Nikizunguka nyuma nakuta bomba la mvua limekatika na linamwaga palepale, au karo limechimbwa hatua mbili kutoka ukutani.

Kuna kipimo cha zamani kisicho na gharama. Unabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, unaandika tarehe pembeni, unakiacha kipite msimu mzima wa mvua. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala, pengine tangu enzi za Mwingereza. Kikipasuka wakati wa mvua na kiangazi ufa ukajifunga, ukuta unafuata udongo: rekebisha mifereji kwanza. Lakini kila ukibadilisha kioo kinapasuka, na ufa unazidi kupanuka upande uleule, hapo toa watu ndani.

Adui mwingine tunampaka wenyewe. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa au udongo, vitu vinavyoruhusu unyevu kutoka. Miaka ya karibuni fundi anazipiga plasta ya saruji "kuziimarisha". Unyevu unaopanda kutoka chini unakwama, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na tofali linaanza kumomonyoka taratibu. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa mpini wa nyundo, utaitika kama debe tupu. Bandua plasta, kwaruza kwa ufunguo, tofali linatoka unga. Mpita njia atasema jengo limezeeka, kumbe kilichofanya kazi hiyo ni plasta ya juzi.

Mchwa kwenye kenchi nao wapo, lakini hao kila mwenye nyumba Dodoma anawajua.

Tuangalie pia yaliyoua. Ghorofa lililoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa bado linajengwa. La Kariakoo la Novemba 2024 nalo halikuwa la mkoloni. Upande wa pili, Beit al-Ajaib, jumba la sultani kule Zanzibar la mwaka 1883, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Wapenzi wa majengo ya kale hawapendi kuikumbuka hii. Kukarabati ni kazi hatari yenye fani yake, na wengi wetu tulifundwa kwenye zege na chuma. Chokaa tumeikutia kazini.

Kwa maoni yangu yasihifadhiwe yote. Stesheni na hoteli yake vibaki, vifungwe: mkanda wa zege au vyuma juu ya kuta, kenchi zishikwe na ukuta, kona zifungwe kwa nondo. Hilo linajibu hoja ya tetemeko bila kubomoa. Maduka yaangaliwe moja moja. Ule mtindo wa kubakiza ukuta wa mbele tu na kuuegemeza kwenye ghorofa jipya siupendi. Unagharimu kama ukarabati na unaacha picha.

Na kibali cha kubomoa kikiombwa kwa sababu ya nyufa, Jiji lidai vipimo vya kioo vya msimu mmoja wa mvua vilivyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, isipokuwa pale hatari inapoonekana kwa macho. Mwenye jengo atauliza nani anafidia kusubiri huko, na ana haki ya kuuliza. Kwa utaratibu ulivyo sasa, ni yeye.