Sabuni ya maji ya nyumbani: faida iko kwenye chupa au kwenye dumu?

Kwenye semina za ujasiriamali, sabuni ya maji husifiwa kuwa biashara ya kuanzia: haitaki umeme wala fremu, na ndoo ya lita 20 inatosha. Ni kweli. Ila urahisi huohuo ndio unaoikaba, maana jirani naye amekaa semina ileile na anauzia duka lilelile.

Wanaoitetea wana hoja. Malighafi hupimwa hadi nusu kilo, kwa hiyo mtu anaanza na mtaji alionao. Mzigo haulali kama maandazi. Mteja naye hurudi, kwani vyombo huoshwa kila siku.

Wanaoikosoa huanza na ubora, na hapo wako sahihi. Ndoo ya lita 20 hubeba kilo moja ya salfoniki (tindikali inayosafisha) na nusu kilo ya slesi (uji mzito unaotoa povu). Kosa huingia kwenye soda ashi, unga wa kukata ukali wa tindikali hiyo: wengi humwaga nusu kilo nzima, wakati salfoniki ya asilimia 96 hukatwa ukali na takriban gramu 160 tu kwa kilo. Inayozidi inachubua mikono, na mama lishe anayeosha sahani kutwa nzima hanunui mara ya pili. Mizani ya jikoni na karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha tindikali au alkali (lenga 7 hadi 8), zinunuliwe kabla ya rangi na pafyumu.

Mpangilio wa kuchanganya nao una sababu zake. Slesi ilainishwe kwanza kwa maji kidogo kidogo, la sivyo hubaki mabonge. Salfoniki ifuate, kwa glavu na ndoo ya plastiki, kwa kuwa hula chuma. Soda ashi iyeyushwe pembeni na kuongezwa taratibu, maana hutoa gesi na povu hufurika. Chumvi ndiyo hutia uzito: anza na gramu 300 zilizoyeyushwa, ongeza kidogo kidogo, simama pale sabuni inapovutika. Ukipitiliza, inarudi kuwa maji, na ukizidi kuongeza unaiharibu kabisa. Maeneo ya Dar es Salaam yenye visima vya maji ya chumvi, kipimo kilichofaa kwa maji ya bomba hupitiliza mapema. Iache ilale usiku mzima povu lishuke. Ukijaza haraka, kesho yake chupa zote zimepungua. Formalini, dawa ya kuzuia sabuni isioze, tungeomba iachwe: mvuke wake unaumiza mapafu na umethibitika kusababisha saratani, na hapo ni nyumbani penye watoto. Dawa nyingine za kuzuia kuoza zipo.

Sasa hesabu, kwa bei za mfano. Malighafi za ndoo ni shilingi 14,000. Ukijaza chupa 40 za nusu lita, chupa na lebo kwa 400 kila moja, unaongeza 16,000. Ukiuza jumla kwa 1,000, unapata 40,000, na kinachobaki ni 10,000 kabla ya nauli. Ndoo ileile ukiipeleka kwa mgahawa au kwa waosha magari, dumu nne za lita tano kwa 7,000, wakitoa madumu yao, unapata 28,000 na kubaki na 14,000. Mauzo yamepungua, faida imepanda. Tena duka hutaka mali kauli, na chupa 40 za mkopo kwenye maduka manane zinatosha kukata mtaji mdogo.

Chupa ina hoja moja yenye nguvu: jina. Dumu halimjengi mtu nje ya wateja wake kumi, na mgahawa mmoja ukifunga pengo linaonekana. Lakini rafu za maduka makubwa hudai alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Mjasiriamali mdogo huifuata kwa kupitia SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo), na mkaguzi atataka kuona sehemu maalumu ya kutengenezea na kipimo kisichobadilika. Kwa maoni yetu, dumu litangulie na daftari la vipimo liandikwe tangu ndoo ya kwanza. Chupa zije pale wateja wa dumu wanapolipa taslimu kiasi cha kununua vifungashio bila kukopa.