Vuta waya, achana na ripita

Fundi aliyetuletea faiba hapa Umoja, Nairobi, aliifunga ruta karibu na mlango wa sebule, pale waya ulipoingilia, akapima kasi kwa simu yake, akaenda. Chumba cha nyuma, anakosomea binti yangu, kiliachwa bila kitu. Nyumba ni ya mawe ya Ndarugo na katikati kuna kuta tatu. Mawimbi ya waifai ya gigahazi 5 hayafiki huko.

Nikashuka barabara ya Luthuli mjini kununua ruta ya pili. Muuzaji akaniambia, "Weka ripita tu mama, hata waya hutahitaji." Ushauri huu hutolewa kila siku, na mimi naupinga kabisa.

Ruta ya pili ikiwekwa kwenye modi ya ripita hudaka mawimbi ya ruta ya kwanza na kuyarusha upya. Ikitumia redio moja kwa kupokea na kutuma, haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, basi kasi ya hewani hushuka karibu nusu. Hapo mawimbi yenyewe yameshachoshwa na kuta. Tena wengi huiweka ndani ya chumba kile kile kisichoshika, ambako haina cha kudaka! Na sisi tunaoishi kwenye maploti tumebanana: waifai ya gigahazi 2.4 ina chaneli (njia za mawimbi) tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na jengo zima linazigombania. Ripita huongeza msongamano.

Kuiacha ruta ya pili kwenye modi ya ruta nako kuna taabu yake. Mimi niliiacha hivyo wiki nzima. Ilianza kuvigawia vifaa anwani zake yenyewe za mtandao, nyumba ikawa na mitandao miwili. Intaneti ilikuwapo, lakini kompyuta ya chumbani haikuiona printa ya sebuleni, na binti yangu alikuwa na kazi ya chuo ya kuchapisha.

Kilichotufaa ni modi ya eksesi pointi, yaani kituo cha waifai tu. Nilinunua waya bapa wa mtandao, wa Cat 6, wa mita 20 (Cat 6 ya kawaida huenda hadi mita 100), nikaupitisha kutoka ruta ya kwanza hadi ya pili kando ya ukuta na chini ya milango bila kutoboa popote. Sasa ruta ya kwanza ndiyo inayogawa anwani. Ya pili inatoa waifai tu. Kama yako haina modi hiyo, zima DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ipe anwani ya 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kupokea intaneti). Jina na nywila ziwe zile zile, chaneli ziwe tofauti.

Modi ya ruta inafaa pale kifaa cha kampuni kinapobadilisha mwanga wa faiba tu, bila kugawa anwani. Ripita nayo niachie mtu ambaye hawezi kabisa kupitisha waya. Huyo aiweke katikati ya njia, ipokee kwa gigahazi 5 na itoe kwa 2.4.

Binti yangu sasa anahudhuria masomo ya video mlango ukiwa umefungwa. Awali alikuwa akikaa sakafuni kwenye korido, kompyuta magotini, kwa sababu pale ndipo mawimbi yalipokuwa yakiishia.