Nilibeba Vivuli, Nikaacha Mwili

Mimi nauza makufuli. Vitasa, komeo, bawaba, na yale makufuli ya geti ambayo mwizi akiyaona anaghairi. Pale Kariakoo mtu akivunjiwa duka huja kwangu nimpe pole na kufuli jipya. Kwa hiyo ielewe aibu yangu ninapokwambia kwamba pasipoti yangu niliiacha Guangzhou, mchana kweupe, kwenye kijiduka cha kutoa kopi, bila mtu hata mmoja kunigusa.

Nilikuwa nimetoka Xiaolan, mji wa viwanda vya makufuli kule Zhongshan, nina sampuli sita begini na furaha tele. Aliyekuwa anakusanya mizigo, dada mmoja wa Tanga aliyekaa kule miaka mingi, alitaka nakala tatu za ukurasa wa pasipoti wenye picha. Kiswahili cha ofisini nakala hizo huitwa vivuli. Nikaingia dukani karibu na stesheni ya metro ya Xiaobei: mashine moja, mzee mmoja, sufuria moja la mahindi ya kuchemsha. Kifuniko kikainuliwa, pasipoti ikalazwa kifudifudi. Kivuli cha kwanza safi. Cha pili safi. Cha tatu kikatoka hafifu, sura yangu kama ya mtu anayeaga dunia. Wino umeisha.

Hapo hapo simu ikaita. Dada wa Tanga anataka kujua mzigo wangu ni kubiki ngapi, yaani mita za ujazo. Nikamjibu huku nalipa yuan tatu, huku napanga vivuli vyangu kwenye faili kwa unadhifu ambao mama yangu angeusifia, nikaenda zangu. Mwili ukabaki kwenye kioo, umefunikwa.

Niligundua saa tatu usiku nilipotaka kuongeza siku mbili za kulala hotelini. Msichana wa kaunta akanyoosha mkono apokee pasipoti. Nikapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti, kisha nikarudia upya, maana mtu aliyepoteza kitu huamini kwamba mifuko hubadilisha mawazo. Chumbani nikamwaga begi lote. Nikafungua hata makufuli ya sampuli, moja moja, kama vile pasipoti ingeweza kujipenyeza kwenye tundu la ufunguo.

Nikampigia dada.

"Mdogo wangu, kwanza keti," akasema. "Pili, usihame hiyo hoteli. Huko kwingine hawakupokei bila pasipoti, na hapo ulipo umeshasajiliwa. Waombe karatasi ya usajili wa makazi, polisi wataitaka kabla hawajakuuliza jina."

Huo ndio ukweli wa China: mgeni lazima asajiliwe ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Hoteli hukufanyia wenyewe. Ukilala kwa rafiki ni juu yako au mwenyeji wako kutoa taarifa polisi. Waliopoteza pasipoti wakiwa wamelala kwa rafiki kimyakimya hujikuta na makosa mawili kwenye meza moja.

"Tatu," akaendelea, "kesho rudi kila mahali ulipoitoa. Sikusema ulipopita. Ulipoitoa."

Tofauti hiyo nimeielewa kwa gharama. Pasipoti iliyotulia mfukoni ni nadra kuanguka njiani. Hupotea pale ilipotolewa: kaunta ya hoteli, dirisha la kubadilishia fedha, duka la laini za simu, lile beseni la plastiki la ukaguzi uwanja wa ndege, na chini ya kifuniko cha mashine ya kopi. Asubuhi nikarudi kijidukani. Mzee hayupo, yupo kijana. Nikamwonyesha kivuli changu, nikapiga ishara za kitabu. Akatazama juu ya kaunta, akatazama droo, akasema "mei you", yaani hakuna. Mashine ilikuwa imezimwa, imebandikwa karatasi yenye maandishi ya Kichina. Nikadhani ni tangazo la bei. Baadaye nilikuja kuambiwa limeandikwa "imeharibika, wino unasubiriwa". Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye pasipoti yangu nikiangalia mahindi. Kwa usalama nikamwachia kijana namba yangu, nikaendelea na msiba.

Kosa la pili nililifanya kituo cha polisi cha mtaa, wanachokiita paichusuo. Niliulizwa: imepotea au imeibiwa? Mimi muuza makufuli niseme imepotea? Nikasema imeibiwa. Nikaeleza jinsi nilivyosukumwa kwenye lango la metro, kwa mikono na kwa ile programu ya kutafsiri kwenye simu.

Hapa nikuase. Sema imeibiwa kama uliona mkono wa mwizi, au mfuko umechanwa, au begi zima limetoweka. Upotevu ni fomu na risiti. Wizi ni kesi, na kesi ina upelelezi, na Guangzhou upelelezi una kamera. Wakazitazama. Wakaniita nami nitazame. Mwizi wangu alikuwa bibi kizee anayevuta kitoroli cha mboga, na kwenye video ni mimi niliyemkanyaga, tena nikamkunjia uso. Afisa akairudisha nyuma mara ya pili. Sikuomba. Nikasema basi, andika imepotea.

Wakanipa risiti ya taarifa. Wengi hudhani wamemaliza hapo, wakimbilie ubalozini. Bado. Risiti hiyo unaipeleka ofisi ya uhamiaji ya polisi wa mji, pamoja na karatasi ya usajili wa makazi, kivuli cha pasipoti na picha, nao wakupe cheti cha upotevu wa pasipoti. Cheti ndicho kinachohesabika. Ndicho utakachoonyesha ukisimamishwa barabarani, ndicho utakachopandia treni, na ndicho ubalozi utakachokiomba kwanza. Ukikwama lugha, ipo namba 12367 ya uhamiaji wao, saa 24, kwa Kichina na Kiingereza. Ile 110 ni ya polisi wa dharura, waachie wenye dharura.

Na hapo ndipo vivuli vilipolipa fadhila. Faili langu lilikuwa na viwili safi na kile cha mtu anayeaga dunia, jina, namba na tarehe vyote vipo. Wenzangu wawili kwenye foleni hawakuwa na chochote, walikuwa wanakumbuka namba zao kwa kukadiria. Lakini usinipigie makofi: nilikuwa nimetoa ukurasa wa picha tu. Ukurasa wa viza na ule wenye muhuri wa kuingilia sikuwa nao, na hizo kurasa mbili ndizo zinazoonyesha haraka umeingia lini na siku zako zinaisha lini. Pasipoti yako ikiwa mbele yako sasa hivi, zipige picha zote tatu, uzihifadhi mahali unapoweza kufungua bila simu yako mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba viza haisimami kukungoja. Mimi nilibakiwa na siku 12. Ukizidisha, sheria yao inatoza yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au unaweza kuwekwa ndani siku 5 hadi 15.

Ikaja zamu ya ubalozi. Zamani safari ilikuwa Beijing, kilomita zaidi ya 2,000. Siku hizi Tanzania ina ubalozi mdogo Guangzhou. Walitaka cheti cha upotevu, kivuli, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, na picha.

Picha! Uhamiaji ya China inataka ya mandhari meupe, milimita 33 kwa 48. Ya kwetu ni mandhari ya bluu. Nikarudi studio ileile iliyonipiga ya kwanza, kijana akachukua picha yangu nyeupe, akaigeuza bluu kwenye kompyuta. Siku hiyo nilikuwa nimevaa shati la bluu. Mashine ikaona shati na ukuta ni kitu kimoja, ikafuta vyote viwili. Ikatoka picha ya kichwa kinachoelea angani kama mwezi wa kumi na tano. Mwili umepotea kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Vaa shati la rangi iliyokoza, nyeusi au kahawia, yatakuishia mapema.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa Mbagala, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya China bila VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, ila laini ya nyumbani ikiwa kwenye roaming hufunguka bila shida, na yangu nilikuwa sijaizima. Nikamwomba mke wangu anipigie picha cheti. Akatuma kadi ya kliniki ya mtoto wetu wa mwisho. Kilo tisa na nusu, chanjo zote kamili.

"Mama Rehema, cheti changu, si cha mtoto!"

"Baba Rehema, wewe ndiye umepotea au pasipoti? Mbona unanifokea?"

Cha kwangu kilikuja usiku wa manane, na kona ya kitenge juu yake.

Walinipa hati ya dharura ya safari. Hati hiyo ni ya kukurudisha nyumbani, haina zaidi ya hapo, kwa hiyo usikate tiketi ya kupitia nchi tatu. Nikachukua ndege ya moja kwa moja ya kwenda Dar. Lakini kabla ya ndege kuna mlango mmoja zaidi, ambao wengi huusahau mpaka wafike uwanjani na mabegi: hati mpya haina viza, na bila viza hutoki. Unarudi tena kwa uhamiaji wa mji, na hati yako mpya na cheti chako, uombe kibali cha kukaa kitakachokutoa nchini. Hesabu siku 7 za kazi. Jumamosi na Jumapili hazimo. Panga tarehe ya tiketi baada ya kibali.

Siku niliyowasilisha maombi ya kibali, simu ikalia. Picha kwenye WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina. Mzee wa mahindi ameshika pasipoti yangu, anatabasamu meno yote. Wino ulikuwa umefika, wakafungua kifuniko.

Nilikimbia. Nikambusu mzee kwenye paji la uso, akashtuka. Nikampigia dada: nimeipata, ina viza yangu, nafuta yote haya, naondoka kesho!

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya mtu anayeosha maiti, "hiyo imeshakufa. Ulipochukua cheti cha upotevu ulijitolea mwenyewe hati ya kifo. Ukiionyesha mpakani mashine inapiga kelele."

Alikuwa sahihi. Pasipoti ikitangazwa imepotea haifufuki, hata ikipatikana baada ya saa moja. Namba za hati zilizopotea nchi huweza kuzipeleka kwenye hifadhidata ya Interpol, polisi wa kimataifa, iliyoanzishwa 2002, na huko maafisa wa mipaka duniani huchungulia. Ndiyo maana unatafuta kwanza, kwa saa chache na kwa akili, halafu ndipo unatangaza. Nikaipeleka ubalozini, ikapigwa muhuri wa kufutwa. Dada nilimuuliza kama anakumbuka nani alinipigia simu nikiwa kwenye mashine. Akasema mtandao unakatika.

Nyumbani nikaanza upya: ripoti ya polisi ya upotevu, fomu ya mtandaoni ya Uhamiaji, namba ya malipo, na barua ya maelezo ambayo niliiandika mara nne kwa sababu kila nikifika kwenye bibi wa mboga nilianza kujitetea. Kisha karani akasema naomba kivuli cha hii hati ya dharura.

Nikaenda stesheneri ya jirani. Kijana akainua kifuniko, akalaza hati. Mimi sikuiachia. Akabonyeza hivyo hivyo.

Karani alikitazama kivuli muda mrefu. "Mzee, hivi vidole vinne ni vya nani?"

"Vyangu," nikamwambia. "Na kimoja nimekitoa, nikupe sahihi."