Foleni za Tambi Singapore: Ipi Nisimame, Ipi Nipite

Ukitua Singapore na kuuliza tambi nzuri zinaliwa wapi, utapewa orodha ya vibanda vyenye tuzo. Mimi ningekwambia utazame kwanza miguu ya waliopanga foleni. Ukiona ndala na vikapu vya sokoni, simama nyuma yao. Ukiona viatu vya safari tupu na simu zimeinuliwa juu, usiharakishe.

Sisemi tuzo ni uongo. Mwongozo wa Michelin, ule unaozipa migahawa nyota, ulipoingia Singapore mwaka 2016, vibanda viwili vilipata nyota moja kila kimoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa chakula cha aina hiyo. Kimoja, katika jengo la Chinatown Complex, kilikuwa cha kuku wa sosi ya soya, kwa wali au kwa tambi, na nyota yake iliondoka mwaka 2021. Kingine ni Hill Street Tai Hwa pale Crawford Lane: tambi za kuchanganywa na siki nyeusi, nyama ya nguruwe, maini, na vipande vya samaki mkavu vinavyovunjika mdomoni. Hapo saa nzima inaweza kukuishia umesimama. Bakuli ni zuri kweli. Lakini saa nzima ni saa nzima, na mjini humo kuna mabakuli ya tambi hizohizo utakayoyapata kwa dakika kumi na tano.

Kwangu swali ni moja: foleni hii inatokana na nini? Chukua char kway teow, tambi bapa za mchele zinazokaangwa na mayai, kombe, soseji ya Kichina na sosi nyeusi yenye utamu. Karai linatakiwa liwe na moto mkali hasa, na chakula kiwe kidogo ndani yake, ili tambi ziungue kidogo pembeni na zishike harufu ya moshi. Mpishi akijaza karai ili awahudumie watu wanane kwa mpigo, moto unazidiwa, tambi zinatoa maji, na anachopakua ni uji mweusi. Kwa hiyo mpishi asiyekubali kuharakishwa lazima awe na foleni. Ndiyo maana pale soko la chakula la Hong Lim, kwenye kibanda cha Outram Park, nasimama bila kinyongo, ingawa saa ya mchana wafanyakazi wa maofisini wanafurika.

Laksa ni habari nyingine. Mchuzi wa tui la nazi, kamba wakavu na viungo umeshaiva kabla hujafika; kazi iliyobaki ni kupasha tambi na kumwagia. Sungei Road Laksa, pale Jalan Berseh, bado wanautunza mchuzi wao kwa moto wa mkaa, na tambi zimekatwa fupi, unakula kwa kijiko tu. Mtu wa pwani akionja tui lile hatahitaji maelezo. Foleni yake inatembea. Ukikuta foleni ya laksa imeganda palepale, ujue tatizo ni la mwenye kibanda, wala si ufundi.

Halafu kuna suala la bei, ambalo wenyeji hulijadili kwa hasira. Bakuli bado linapatikana kwa dola tano au sita za Singapore, katika mji ambao karibu kila kitu kingine ni ghali. Kibanda kikipandisha senti hamsini, mtaa mzima unanung'unika. Mimi niko upande wa mpishi. Serikali iliwatoa wachuuzi barabarani na kuwahamishia kwenye masoko ya chakula yenye maji na mitaro, kazi iliyofanyika zaidi kati ya 1971 na 1986, na mwezi Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo wa vibanda kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni. Sifa zote hizo, na bado wengi walioshika makarai wamekaribia miaka 60 au wameipita, na vijana wanasita kurithi kazi inayoanza alfajiri mbele ya moto. Anayesimama nusu saa halafu akalalamikia senti hamsini, sijui anadhani muda wake ni wa bure na mkono wa mpishi nao ni wa bure.

Neno kwa Waislamu wenzangu: tambi nyingi za Kichina nilizozitaja zina nguruwe, hata kama ni mafuta tu. Tafuta vibanda vyenye alama ya halali. Pale soko la chakula la Adam Road kuna tambi za Kimalei, mee soto za supu na mee rebus za mchuzi mzito, zenye foleni yake, na inastahili. Trei za halali zina rafu yake ya kurudishia; usichanganye.

Meza hushikwa kwa pakiti ya tishu. Unaiacha juu ya meza, unaenda kupanga foleni, unarudi unaikuta. Jaribu hilo Kariakoo uone.

Nenda saa nne asubuhi au baada ya saa nane mchana, ila si jioni sana, kwani chakula kikiisha kibanda hufungwa. Na kabla hujafika mbele uwe umeshaamua: tambi bapa au nyembamba, kavu au za supu, na pilipili au bila. Mpishi atakuuliza mara moja tu, akiwa tayari anamtazama aliye nyuma yako.